Punje ya Minji Chini ya Ubongo wa Mzee Gichuhi

Waliokuwa sebuleni kule Kitisuru, Nairobi, Jumamosi ile nitawataja wote, asije mtu kesho akasema alikuwapo na hakuwapo. Mzee Gichuhi mwenyewe, mwenye nyumba, kwenye kiti chake cha ngozi kinachoangalia bustani. Mkewe, Mama Nyokabi, kando yake lakini si karibu. Nyokabi, binti yao wa kwanza, aliyekuwa amebakisha miezi minne aolewe. Tata Wanjeri, dada mkubwa wa Mzee, na Tata Muthoni, dada mdogo. Tata kwa Kikuyu ni shangazi, na nyumba nzima tuliwaita hivyo, hata mimi niliyemzidi Tata Muthoni umri. Dokta Mbugua, kijana wa Tata Wanjeri, aliyekuwa daktari katika hospitali moja huko Upper Hill. Na mimi, Kalondu wa Nzioka, Mkamba wa Mwala, ambaye nyumba hiyo iliniita Mama Mwende. Mpishi.

Mimi sikuwa nimekaa. Nilisimama pale mlango wa jikoni unapokutana na sebule, na bakuli la minji, yaani njegere, nikiyatoa maganda. Wajukuu zangu mnaoanza kazi za nyumba, hili ni la kwanza kuwafundisha: mpishi asisimame mikono mitupu mahali watu wanazungumza ya maana. Akiwa mikono mitupu huambiwa alete chai. Akiwa na minji anasahaulika, na anasikia yote.

Kikao kilikuwa cha presha. Presha ya Mzee ilikuwa imekataa kushuka. Alikuwa anakunywa dawa asubuhi na jioni, ametolewa nyama choma, ametolewa pombe, ametolewa chumvi, na presha ikabaki juu pale pale kama kuku aliyelala juu ya mti. Wiki ile mshipa mdogo ulikuwa umevuja damu ndani ya jicho lake la kushoto. Daktari wa macho akamwambia, safari hii ni jicho, safari ijayo inaweza kuwa upande mzima wa mwili. Na Mzee alikuwa ameapa atamshika Nyokabi mkono ampeleke mbele ya kanisa kwa miguu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo hofu iliyokaa katikati ya sebule, hata kabla chai haijafika.

Lakini kabla sijawaambia yaliyosemwa, niwaambie nilikotoka na sufuria zangu, kwa maana bila hapo hamtaelewa kosa lilikuwa la nani.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Kupika nilifundishwa na Mama Felista, Mluhya mmoja aliyekuwa mpishi katika nyumba moja ya mtaa wa Karen, mimi nikiwa msafisha vyombo wake. Mama Felista alikuwa hajui kusoma, lakini alijua nyama imeiva kwa kusikiliza sufuria. Alikuwa anainamisha sikio, anasema, "Bado inalalamika." Alinifundisha wali, chapati, mboga za kila aina, na keki ya wenye nyumba ambayo sisi wenyewe hatukuionja. Alinifundisha pia magadi. Magadi mnayajua: yale mawe meupe ya kutoka ziwani, unasaga, unatia kidogo kwenye mahindi na maharagwe, yanaiva upesi, na majani ya kunde yanabaki laini.

Siku ya kwanza nilipotia magadi peke yangu nilimwaga kama ninafua nguo. Kunde zikawa uji wa kijani, zikanuka sabuni. Mama Felista alionja, akatema nje ya dirisha, akaniambia, "Kalondu, hizi ni za kuoga." Kisha akanishika mkono, akanitilia kijiko kimoja kwenye kiganja, akanifunga vidole. "Huo uzito uuweke kichwani. Usipime kwa kijiko, kijiko hupotea. Pima kwa mkono."

Nikapima kwa mkono maisha yangu yote. Na hapo ndipo shida ilipoingia, kwa sababu mkono hauandiki popote. Hakuna anayeweza kuusoma.

Sasa turudi Kitisuru. Nilianza kwa Mzee Gichuhi akiwa bado kazini, bwana mkubwa wa shirika, anavaa tai hata Jumapili jioni. Alikuwa na vyakula vyote vya dunia kwenye friji, lakini roho yake ilitaka githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja. Na si githeri ya kula kwa shida. Alitaka mahindi yanayopasuka ulimini. "Mama Mwende," alikuwa ananiambia, "wewe ndiye unanikumbusha mama yangu." Mnadhani mpishi akiambiwa hivyo atapunguza magadi?

Alipostaafu, presha ikaja. Na presha zamani zile, kwa watu wa nyumba zile, ilikuwa kama gari jipya. Alinunua mashine ya kupimia, ya kufunga mkononi, inayofura yenyewe, ikawekwa juu ya meza ya sebule karibu na Biblia. Mgeni akiingia, kabla ya chai anafungwa mkono. Watu walikuwa wanatajiana namba kama wanafunzi waliotoka mtihani. Tata Wanjeri akipata namba ndogo kuliko ya Tata Muthoni ananuna, anasema mashine imelegea, afungwe tena. Tata Muthoni naye akipata kubwa anaegemea kiti, anashika kifua, anasema, "Mimi nimebeba mengi jamani." Tena anaitisha mandazi.

Siku moja Barasa, mtunza bustani, aliomba naye apimwe. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Tata Muthoni akacheka. "Barasa, wewe una presha ya nini? Una hisa? Wewe una njaa tu."

Mama Nyokabi hakucheka. Alimwita Barasa, akamkalisha kwenye kiti kile kile cha ngozi na viatu vyake vya matope, akamfunga mkono mwenyewe. Namba ikatoka karibu sawa na ya Mzee. Tata Muthoni akaangalia mashine, akaangalia Barasa, akasema, "Imeharibika." Mama Nyokabi akampa Barasa ruhusa ya kwenda kliniki siku hiyo hiyo. Wekeni Barasa hapo kando, tutamrudia.

Chumvi ilipokatazwa, Mama Nyokabi alifanya kazi ya polisi. Aliikusanya chumvi yote ya nyumba, akaifungia kwenye kabati la chumbani kwake pamoja na dhahabu zake. Akabandika karatasi kwenye friji: hakuna chumvi, hakuna mafuta mengi, hakuna vya kukaangwa. Mimi nikatii. Nawaapia nilitii. Sikuiba hata chembe. Lakini chakula kikakosa sura. Mzee akawa anaonja kijiko kimoja, anasukuma sahani. Akaanza kukonda. Nikasema moyoni, huyu mtu ataponywa mpaka afe. Basi nikafanya lile nililolijua: nikafanya githeri iwe laini zaidi, ipendeze mdomoni. Kiganja kimoja kikawa viwili. Kwenye kunde pia. Kwenye maharagwe pia. Mkebe wa magadi ulikuwa ni mkebe wa zamani wa kakao, rafu ya juu, na kwenye karatasi ya friji hakuna aliyeandika magadi. Mzee akaanza kula tena. Wote wakafurahi. Mama Nyokabi akanipa kitambaa cha nguo, mpaka leo ninacho.

Na presha ikapanda.

Sasa Jumamosi ile. Tata Wanjeri ndiye aliyefungua kikao kwa maombi, na maombi yenyewe yalikuwa na maneno yaliyoelekezwa kwa mtu. Alimwomba Mungu awaguse wote wanaomsumbua kaka yake mawazo, "wawe mbali au wawe karibu, hata wawe wanalala nyumba moja naye." Mama Nyokabi alisema amina kama wengine.

Kisha Tata Wanjeri akamgeukia kijana wake. "Mbugua, waeleze watu. Presha inatoka wapi? Inatoka kwa moyo ama kwa kichwa?"

"Mum, ni vitu vingi vinaingiliana," Dokta Mbugua akasema. "Moyo, figo, mishipa. Lakini ubongo ni kama ofisi kubwa. Unatuma maagizo."

"Ubongo," Tata Wanjeri akarudia, akiangalia kila mtu uso kwa uso. "Mmesikia."

Dokta akainuka, akaja mlangoni kwangu, akaniambia, kama anavyomwita bibi yake, "Shosho, niazime moja." Akachukua punje ya minji kutoka bakuli langu. Akaishika juu kwa vidole viwili.

"Chini ya ubongo, katikati kabisa ya kichwa, kuna kitu kidogo kimening'inia. Ukubwa wake ni kama hii. Hiki ndicho kinaachilia homoni. Homoni ni barua, Uncle. Inaingia kwenye damu inaenda mpaka pale ilipotumwa. Mtu akiwa na mawazo mengi, minji hii inatuma barua kwa tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo. Zile zinajibu kwa kumwaga homoni zake, na presha inaweza kupanda."

"Mawazo," akasema Tata Muthoni.

"Mawazo," akasema Tata Wanjeri. "Daktari amesema. Si mimi."

"Mum, sijamaliza."

"Umemaliza vizuri sana. Kaa chini unywe chai."

Hapo ndipo nilipojua kikao kilikuwa kimeisha kabla hakijaanza. Tata Wanjeri akatoa mpango wote uliokuwa umepikwa tayari. Kaka yao anahitaji utulivu. Mama Nyokabi aende akae kwenye shamba la Kinangop mpaka harusi, labda na baada ya harusi, tuone. Tata Muthoni atahamia Kitisuru amwangalie kaka yake. Chumba cha wageni ameshakiona, pazia tu ndizo atabadilisha, Tata Muthoni mwenyewe akaongeza.

"Kwa hivyo mama ndiye ugonjwa?" Nyokabi akauliza.

"Hakuna amesema mama yako ni ugonjwa," Tata Muthoni akamjibu. "Tunasema tu akienda, ugonjwa unaweza kumfuata."

Mzee aliziba lile jicho bovu kwa kiganja, akaangalia bustani. Mwanaume ambaye aliwahi kufuta kazi mameneja wanne kwa asubuhi moja, mbele ya dada zake alikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Mama Nyokabi naye alikunja mikono juu ya mapaja. Nilimwona akihesabu maua ya zulia.

Dokta Mbugua alikuwa ameona aibu. Akalazimisha maneno yake yatoke. "Mum, acha nimalizie ya chumvi, kwa sababu hiyo ndiyo ilinileta. Juu ya hii minji kuna sehemu ya ubongo inayoonja damu. Inaonja kweli, kama vile Shosho anavyoonja mchuzi. Damu ikizidi chumvi, inaambia minji, toa barua. Barua inaenda kwa figo, inasema, shikeni maji, msiyaachilie. Mtu anashikwa na kiu, anakunywa, figo zinashika. Damu inajaa, mishipa inajibana. Hapo hata umpe dawa nzuri, ni kama kukausha sakafu na mfereji umeachwa wazi. Ndiyo nauliza, ni kweli hapa ndani hakuna chumvi?"

"Hakuna," Mama Nyokabi akasema. Tangu ile amina, ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Funguo ninazo mimi."

"Nimeangalia jikoni mwenyewe," Tata Wanjeri akaongeza. "Nimelamba mpaka mwiko. Hakuna. Kwa hivyo ni mawazo."

"Ulimi unaweza kukosa kujua," Dokta akasema. "Ile sehemu ya ubongo haiwezi. Yenyewe haisomi jina kwenye mkebe. Inauliza tu, ni nini kimeingia kwenye damu."

Wajukuu zangu, pale nikamkumbuka Barasa. Barasa hakuwa na mke wa kumsumbua, wake alikuwa Webuye na walipendana kwa barua. Hakuwa na hisa, hakuwa na dada za kumjia Jumamosi. Barasa na Mzee Gichuhi hawakuwa na kitu kimoja cha kufanana chini ya jua, isipokuwa walikula kutoka sufuria moja. Na sufuria ilikuwa yangu.

Nikaweka bakuli la minji chini.

Niwaambie ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa na chumba changu kule nyuma, Mwende wangu alikuwa bado shuleni, na mpishi anayesikika amempa bwana wake presha haandikwi tena Kitisuru, haandikwi Karen, labda aende akapike gerezani. Ningenyamaza, nipunguze magadi polepole, presha ishuke, na dada watu waseme ni kwa sababu Mama Nyokabi ameenda. Hakuna ambaye angejua. Ila Mama Nyokabi angebaki Kinangop maisha yake yote, amehukumiwa kwa kiganja changu.

Nikasema, "Dokta, ile minji inajua tofauti ya chumvi na magadi?"

Wote wakanigeukia. Tata Muthoni akasema, "Mama Mwende, chai imepoa."

Dokta hakugeuka kwa chai. "Magadi unaweka wapi, Shosho?"

"Githeri. Kunde. Maharagwe."

"Kiasi gani?"

Nikafungua kiganja, nikamwonyesha. "Hivi. Tangu chumvi ikatazwe, mara mbili."

"Kila siku?"

"Jumapili wanakula nje."

Aliangalia kile kiganja. Hakunikaripia, nami nitamwombea kwa hilo mpaka nife. Akasema magadi yana kile kile kinachopatikana ndani ya chumvi, na mengine yamechanganyika na chumvi yenyewe kutoka ziwani, na kwamba kosa lilikuwa lake pia, maana alikuwa ameuliza kila mtu nyumbani humo isipokuwa anayepika.

Tata Wanjeri akanyanyuka, akaenda jikoni kwa hatua za mtu aliyenyimwa kitu. Akarudi na mkebe wa kakao, akachovya kidole, akalamba. "Hii si chumvi. Hii hata haina ladha ya chumvi."

"Mum, weka chini."

"Nasema tu haina ladha."

Na hapo ndipo Mzee Gichuhi, ambaye alikuwa hajasema neno tangu saa nane, akatoa kiganja kwenye jicho. Wote tukadhani anatoa uamuzi wa nani aende na nani abaki.

"Sasa githeri itaiva na nini?" akauliza.

Nyokabi akacheka mpaka akafunika uso kwa kitambaa cha meza. Kikao kikaishia hapo, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kufukuza mke wa mtu baada ya swali kama hilo.

Mimi nikarudi jikoni kungoja kufutwa kazi. Nikaanza kuosha vyombo vyangu viwili, vile nilivyokuja navyo. Mama Nyokabi akaingia, akafunga mlango.

"Mama Mwende, ungenyamaza ningeenda."

"Najua, Mama."

"Na ungebaki na kazi yako."

"Hilo pia najua."

Akachukua mkebe, akaumwaga kwenye pipa la takataka. Kisha akakaa kwenye kile kistuli changu kifupi, ambacho hakuwahi kukikalia, akashusha pumzi. "Unajua nilikuwa nimeshapanga begi mbili? Kinangop kuna baridi nzuri. Hakuna mashine, hakuna Muthoni. Nilikuwa nimepata likizo, ukaniharibia."

Sikujua kama nicheke. Akacheka yeye, halafu machozi yakamtoka, halafu akaniambia niloweke mahindi.

Basi nilianza kujifunza kupika upya nikiwa na mvi. Andikeni hili. Mahindi na maharagwe loweka tangu jioni, maji ya kwanza mwaga. Chemsha na kifuniko, moto wa chini, usikoroge ovyo. Vitunguu vingi, dhania, yaani giligilani, nyanya, tangawizi kidogo, ndimu mwishoni. Ndimu inaamsha ulimi unaolilia chumvi. Kunde malizia na maziwa. Na mtu wa presha akipelekwa kliniki, mwende naye ninyi wapishi. Wakubwa huenda na mke, na dereva, na kadi ya bima, na wote watatu hawajui kilicho kwenye sufuria.

Wiki za kwanza Mzee alitafuna githeri kama anatafuna kokoto, ananiangalia kwa lile jicho zima. Polepole presha ikaanza kushuka. Sitadai ni mimi, maana Dokta alibadilisha dawa pia. Wengine walidai. Tata Wanjeri alisema ni maombi yake. Tata Muthoni alisema ni kwa sababu aliacha kuja mara kwa mara, na hapo sikumbishia. Mzee mwenyewe alisema ni kuacha kusikiliza habari. Ya Barasa ilishuka pia, lakini hakuna aliyeitisha kikao cha kuidai.

Siku ya harusi Mzee alimshika Nyokabi mkono, wakatembea kutoka mlangoni hadi mbele, hatua kwa hatua, bila fimbo. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na Barasa. Walipofika mbele, Mama Nyokabi aligeuka akanitafuta kwa macho, akafungua kiganja kidogo tu, kitupu, akanionyesha.

Haya ndiyo ninayokumbuka. Mimi ni mtu wa darasa la tatu, na miaka imekwenda. Kama yeyote aliyekuwa pale anasoma haya, anirekebishe. Nyokabi, labda zulia halikuwa la maua. Dokta, lile jina la homoni inayoziambia figo zishike maji ulinitajia mara mbili na mara mbili limenitoka, ukilisoma hili liandike pembeni. Tata Muthoni, kama pazia hukuzitaja siku ile bali ya pili yake, niambie, nitafuta. Ila viganja viwili msinirekebishe. Hivyo nilivipima mwenyewe.